Mgongo wa Mlima: Uhakiki wa Sentensi Moja Kuhusu Hanang

Msomaji wa maelezo ya Kiswahili yanayohusu kupanda milima aghalabu hukuta mambo mawili yameelezwa kwa ukamilifu, nayo ni kuondoka na kufika. Asubuhi huwa na baridi, mizigo hufungwa, wenzi husalimiana, na wote huanza safari kwa nia moja. Kisha, baada ya aya moja au mbili fupi, wasafiri huwa wamekwisha kufika kileleni, wanaitazama nchi iliyo chini yao, na mwandishi anamshukuru Mungu na kutoa mafunzo. Yaliyo katikati, ambayo ndiyo kupanda kwenyewe, hupitwa haraka kama mtu apitavyo nyumba ya mdai wake. Msomaji huambiwa kwamba njia ilikuwa na shida, lakini haonyeshwi shida hiyo ilikuwa ya namna gani, wala mkono ulishika wapi, wala mguu ulikanyaga nini.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza upungufu huo na kutafuta asili yake. Si haki kumtia mtu mwingine lawamani kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nimelitenda. Kwa hiyo maandishi nitakayoyahakiki ni yangu. Mwezi wa Agosti 2022 nilipanda mlima Hanang pamoja na rafiki zangu wawili, mmoja mwalimu wa shule ya sekondari, mzaliwa wa Mbulu na msemaji wa Kiiraqw, na wa pili fundi mitambo kutoka Tanga, ambaye marehemu baba yake alikuwa mkwezi wa minazi. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Kibarabaig. Niliporudi niliandika insha ya kurasa tisa, nami nilidhani ni insha njema. Rafiki zangu waliisoma, wakanyamaza kidogo, kisha yule mwalimu akasema kwa adabu: "Ndugu yangu, Kiswahili chako ni kizuri, lakini mlima huu siujui."

Maneno hayo yaliniuma, na kwa muda mrefu niliyahesabu kuwa ni ya mtu asiyeelewa fasihi. Sasa naona kwamba yalikuwa uhakiki wa kweli. Insha nzima haina haja ya kuchunguzwa hapa. Sentensi moja yatosha, maana makosa yote yamo ndani yake. Niliandika hivi: "Tulipanda ukingo wa mlima kwa shida kubwa, hata tukafika kileleni, ingawa mawe yalikuwa yakianguka." Kwa sarufi haina kosa. Kwa ukweli, karibu kila neno lake lina dosari.

Mahali penyewe

Hanang husimama peke yake juu ya mji wa Katesh, katika wilaya iliyoitwa kwa jina lake, mkoani Manyara. Ni mlima uliotokana na volkeno, na kimo chake chapata mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake liko ziwa Balangida lenye magadi na chumvi, na nyuma ya ziwa hilo ukuta wa Bonde la Ufa huinuka kuelekea nyanda za juu za Mbulu. Upande wa machweo umetandaa uwanda wa Basotu wenye mashamba ya ngano. Njia itumiwayo sana huanzia Jorodom. Hupita msituni, kisha hutokea kwenye majani, halafu hushika mgongo mrefu wa mawe ambao mtu huufuata mpaka juu. Mgongo huo ndio mada yetu.

Kwa mwanaisimu, nchi hii ya Mbulu na Hanang ina utajiri ambao ni nadra kuupata pengine. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, ambacho Wabarabaig husema lahaja yake, ni cha jamii ya Kinailoti. Katika bonde la Yaeda husemwa Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na udugu na lugha yoyote. Pembeni zimo lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kirangi. Roland Kiessling, Maarten Mous na Derek Nurse walieleza mwaka 2008 jinsi lugha za sehemu hii ya Bonde la Ufa zilivyokaa ujirani mpaka zikaambukizana tabia, ijapokuwa hazikuzaliwa tumbo moja. Juu ya lugha hizo zote kimetanda Kiswahili, ambacho watu wa nasaba mbalimbali hukitumia sokoni, shuleni, na njiani mlimani.

Hata majina ya mahali hutuonya tusifanye haraka. Katesh, Dongobesh, Haydom, Hanang: yote huishia kwa konsonanti, jambo ambalo ulimi wa pwani haukulizoea. Jina la mlima wenyewe huandikwa mara Hanang, mara Hanang', na waandishi hawajakubaliana. Wajerumani katika ramani zao waliuita Gurui. Basi mlima huu umekwisha kuwashinda wengi katika tahajia kabla hawajauweka mguu.

"Tulipanda"

Neno la kwanza la sentensi yangu ni kitenzi "kupanda". Ni kitenzi chema, lakini ni kipana mno. Mtu hupanda ngazi, hupanda gari, hupanda kitandani, hupanda cheo. Bei nayo hupanda, na homa pia. Kitenzi hiki chaeleza kwamba kitu kimetoka chini kwenda juu. Hakimuulizi mtu ametumia kiungo gani cha mwili wake.

Mpaka mwisho wa msitu, neno hilo lilitutosha. Tulipanda kwa miguu, mikono ikiwa mifukoni kwa sababu ya baridi. Lakini tulipoushika mgongo, tukafika penye jabali lililozidi kimo cha mtu mzima, mambo yaligeuka. Kijana wetu alitangulia, akageuka, akaniambia: "Mzee, shika kwanza, ulijaribu, ndipo uweke mguu." Nilishika, nikavuta, nikainua goti, nikalala kifua juu ya jiwe kama mtu aangaliaye kisimani. Mwenzetu wa Tanga aliyekuwa nyuma yangu akacheka, akasema: "Hapa si kupanda tena, bwana. Hapa ni kuparaga."

Neno hilo ni la wakwezi. Mtu wa pwani hupanda kilima, lakini hukwea mnazi. Na mnazi usiotiwa vidato huparagwa, yaani hukumbatiwa kwa mikono, magoti na nyayo, mwili wote ukifanya kazi ya kushika. Tena kuna kuparamia, ambako ni kujitupa juu ya kitu kwa pupa bila kutazama pa kushikia. Ndiyo maana husemwa pia kwamba mtu ameparamia maneno yasiyomhusu. Hivi ni vitenzi vinne, navyo havilingani. Kupanda ni kazi ya miguu. Kukwea huiomba mikono isaidie. Kuparaga hudai mwili mzima. Kuparamia ni kosa la mtu mwenye hofu au haraka. Yamkini wasemaji wa mahali mbalimbali watatofautiana kidogo katika mipaka ya maana hizo, lakini hakuna atakayesema kwamba maana ni moja.

Katika mgongo wa Hanang tulifanya yote manne, na kwa utaratibu uleule. Tulipanda, tukakwea, mahali pawili tukaparaga, na mara moja mimi niliparamia, nikachubuka kiganja, nikakemewa na kijana aliye nusu ya umri wangu. Naye alikuwa na haki. Insha yangu ilivifuta vitenzi vitatu ikabakiza kimoja. Msomaji aliyeisoma hakuweza kujua mahali ambapo mikono ilitoka mifukoni, na hapo ndipo safari ilipobadilika.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba maneno niliyoyakosa yalikuwamo katika Kiswahili tangu zamani, tena si ya mlimani bali ya minazini. Yalikuwa akiba iliyo ghalani, nami mwenye ufunguo nilipita mlangoni nikilalamika njaa.

"Ukingo wa mlima"

Hapa kosa langu ni zito zaidi, kwa kuwa si la upungufu tu bali ni la uongo, ingawa sikukusudia kudanganya. Nilitafuta neno la kutaja sehemu ile nyembamba, ndefu, iliyoinuka, yenye mteremko huku na huku. Kwa kuwa nilijifunza habari za milima katika vitabu vya Kiingereza nilipokuwa masomoni Uingereza, nililifikiri neno la Kiingereza kwanza, kisha nikaligeuza. Nikapata "ukingo".

Ukingo ni nini? Ni mahali kitu kinapokoma. Mto una ukingo, chombo kina ukingo, shimo lina ukingo. Asimamaye ukingoni ana hatari upande mmoja na salama upande wa pili; akirudi nyuma hatua mbili amepona. Lakini mahali tulipokuwa sisi hapakuwa na upande wa salama. Kushoto palishuka, kulia palishuka, na njia ilikuwa upana wa kitanda cha kamba. Kwa neno moja nilikuwa nimemjengea msomaji uwanja ambao haukuwapo, nikamweka juu yake akiwa ametulia.

Kijana wetu wa Kibarabaig hakupata taabu hiyo. Tulipotoka msituni alisema: "Sasa tumeshika mgongo. Tusiuache mpaka juu." Mgongo! Kila mtoto ajuaye ng'ombe anajua mgongo ni nini: ni mrefu, umeinuka kati, una mbavu zinazoshuka pande mbili, na chini ya ngozi una mifupa inayohesabika. Hakuna sifa hata moja ya mahali pale isiyokuwamo katika neno hilo. Mwalimu wa Mbulu akaongeza kwamba katika Kiiraqw viungo vya mwili hutoa maneno mengi ya kuonyesha mahali, kama vile tumbo litoavyo neno la ndani. Na jambo hilo limeelezwa vema katika sarufi ya Kiiraqw aliyoiandika Mous, iliyotoka mwaka 1993. Lakini mgongo wa kijana yule haukuwa mkopo. Ni Kiswahili safi, nacho kilimjia kwa sababu alikuwa akiutazama mlima, si kamusi.

Huenda msomaji akadhani kwamba mataifa yenye lugha kubwa yalizaliwa na maneno ya milima vinywani. La hasha. Waingereza walipoanza kuandika kwa wingi juu ya miamba walikopa kwa watu waishio kwenye miamba. Mgongo mkali wa mawe waliuita kwa neno la Kifaransa, arête, ambalo asili yake ni mfupa wa samaki. Bonde lililochimbika ubavuni mwa mlima waliliita corrie, kutoka neno la Kigaeli cha Uskoti lenye maana ya chungu kikubwa cha kupikia. Mfupa na chungu! Watu wa milimani walikwisha kuyaita mambo hayo kwa vitu vya nyumbani kwao, na wasomi wa mabondeni wakaja kuokota. Nilikaa miaka kadhaa nikiyatumia maneno hayo kwa heshima kubwa, nikidhani ni istilahi za elimu, bila kujua kwamba nilikuwa nikitaja mabaki ya samaki na vyombo vya jikoni.

"Kwa shida kubwa"

Maneno haya matatu ndiyo maficho ya mwandishi mvivu, nami nilijificha humo kwa raha. Shida kubwa haina umbo. Mtu aliyekosa nauli ana shida kubwa, na aliyefiwa ana shida kubwa.

Shida ya mgongo wa Hanang ilikuwa na umbo, na umbo hilo lilionekana katika mazungumzo yetu. Chini, msituni, tulizungumza kwa sentensi ndefu, tukabishana juu ya siasa na juu ya bei ya mbolea. Kadiri mgongo ulivyozidi kuwa mwembamba, ndivyo sentensi zilivyofupika. Vishazi tegemezi vilikwisha kwanza, vivumishi vikafuata. Penye majabali tulibakiwa na vitenzi vya kuamuru: shika, ngoja, njoo, acha. Hata heshima ilipungua maneno bila kupungua yenyewe. Kijana aliyekuwa akiniita Mzee katika kila sentensi aliliacha neno hilo pale penye hatari, akalirudisha mara tulipopata pa kukaa. Mwanaisimu aliyetaka kueleza shida alikuwa nayo masikioni mwake, lakini aliporudi nyumbani akaandika "shida kubwa".

Tena kulikuwa na msamiati wa mawe. Kijana hakusema hata mara moja kwamba jiwe fulani si imara. Alisema: "Hilo linacheza." Ni usemi ule ule wa jino linalotaka kung'oka. Katika neno hilo kuna mtikisiko mdogo, kuna mzizi ambao bado umeshika kidogo, na kuna onyo kwamba usiliegemee. Mimi niliandika "mawe yasiyo imara", maneno yanayoweza kusemwa hata juu ya ndoa au serikali.

"Hata tukafika kileleni"

Kosa hili ni la mwenendo wa masimulizi, na asili yake ni ya kuheshimiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliuweka mwenge wa uhuru juu ya Kilimanjaro. Tangu hapo mlima katika fikira za Watanzania umekuwa kilele, na kilele kimekuwa nuru. Lilikuwa jambo la haki kwa taifa lililokuwa likizaliwa. Kabla ya hapo pia, nathari yetu bora ilizoea safari zilizobeba maadili. Shaaban Robert katika "Kusadikika", kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliwatuma wajumbe pande zote, na lililotafutwa katika safari zile lilikuwa hekima na haki wala si maelezo ya njia. Mwalimu huyo hakukosea, maana hakukusudia kuandika habari za njia. Tuliokosea ni sisi tuliochukua desturi ya hekaya tukaitia katika safari ya kweli, tukaigeuza milima kuwa mifano kabla haijawa milima.

Tena mapokeo mengine tunayo, ila tumeyasahau. Selim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na maelezo yake ya Kiswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika "Safari za Wasuaheli". Alizieleza nchi zisizofanana na pwani kwa lolote, na Kiswahili hakikumshinda.

Ukweli wa Hanang ni kwamba hatukufika "hata tukafika". Mara nne tuliona kilele, mara nne tukapumua kwa furaha, na mara nne tulipokisimamia tuliona mgongo unashuka kidogo kisha unapanda tena mbele yetu. Tulipomuuliza kijana kama tumefika, alijibu mara ya kwanza: "Bado. Pale." Mara ya pili: "Kule." Mara ya tatu aliivuta irabu ya mwisho, akapandisha sauti, akanyosha midomo badala ya mkono: "Kuleee." Sarufi zetu hufundisha ngazi tatu za kuonyesha mahali, hapa, hapo na pale, na wanafunzi huzikariri. Lakini msemaji hai ana ngazi nyingi kuliko hizo, kwa kuwa huweza kuurefusha umbali kwa pumzi yake. Tulipoisikia irabu ile tulijua, kabla ya kutazama, kwamba saa moja nyingine imeongezwa.

Mwandishi hana haja ya kubuni istilahi ya vilele vinavyohadaa. Ampe msomaji kilele, kisha amnyang'anye, kama mlima ulivyofanya. Masimulizi yakifuata utaratibu wa mgongo, msomaji atachoka panapostahili, na atafika anapostahili kufika.

"Mawe yalikuwa yakianguka"

Nimeliacha neno hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kuanguka ni kitenzi cha jumla kama kupanda. Lakini Kiswahili kinavyo vitenzi vinavyopambanua jinsi ardhi inavyoondoka mahali pake, navyo ni vyema kuvipanga. Kumomonyoka ni kuondoka kidogo kidogo, chembe kwa chembe, kama ukuta wa udongo mvuani. Kumeguka ni kipande kuachana na kitu kizima, kama tonge liachavyo ugali. Kuserereka ni kuteleza kwa pamoja bila kutawanyika. Kuporomoka ni kushuka kwa wingi na kwa vishindo, kitu kimoja kikichukua kingine.

Katika mgongo tuliyaona mambo hayo kwa kiasi kidogo. Changarawe zilimomonyoka chini ya viatu. Pembe ya jiwe nililolishika ilimeguka ikabaki mkononi mwangu. Mwalimu aliserereka hatua tatu juu ya majani makavu akakaa kitako. Na mara moja jiwe lililosukumwa na mguu wa mmoja wetu liliamsha mengine, yakaporomoka upande wa kulia kwa muda mrefu, nasi tukasimama kimya tukisikiliza kama kuna mtu au mnyama huko chini. Yote hayo niliyaita "mawe yalikuwa yakianguka".

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima, Gendabi na Jorodom vikiwamo. Watu wasiopungua 80 walipoteza maisha, na wengi walipoteza nyumba. Siku zile magazeti na redio vilitafuta neno. Wengine waliandika "mafuriko", wengine "maporomoko". Neno la kwanza ni la maji yanayojaa na kupanda; tope lile halikujaa, lilishuka. Neno la pili wanafunzi wetu wamelizoea katika maporomoko ya maji, ambayo ni mandhari ya kutembelewa. Serikali ilipoeleza chanzo, ilisema kwamba haikuwa volkeno wala tetemeko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji ilimeguka, ikawa tope. Hapo kitenzi kilipatikana, na kwa kitenzi hicho jambo lilieleweka: kipande kilikuwa kimeachana na kizima.

Sidai kwamba neno lililo sahihi lingemwokoa mtu. Dai hilo lingekuwa dharau kwa wafiwa. Wala sisemi kwamba sisi wapandaji tuliona dalili yoyote mwaka ule. Nasema jambo dogo zaidi. Baada ya msiba niliitoa insha yangu nikaisoma upya, nikitafuta Jorodom niliyoipita alfajiri, nyumba zilizokuwa na moto wa kupikia, mama aliyetusalimu akatuuliza kama tuna maji ya kutosha. Sikumkuta. Sikuikuta njia, wala mawe, wala tabia ya mlima ule. Nilikuta kilele, machweo, na somo kwamba maisha ni kama kupanda mlima. Waswahili husema milima haikutani, bali binadamu hukutana. Mlima huu ulikuwa umeshuka kukutana na watu wake, na mimi, niliyeupita kwa mikono na magoti, sikuwa na ukurasa mmoja wa kweli wa kuutolea ushahidi.

Hoja za wapinzani

Mtu aweza kusema kwamba msamiati wa namna hii ni anasa, kwa kuwa kupanda mlima ni mchezo wa watalii. Hoja hii haitazami vizuri. Mlima huchungiwa mifugo, hutoa maji na kuni, na chini yake watu hulima na kuzika wazee wao. Mtalii hupita kwa siku moja. Anayehitaji maneno ya mteremko, mgongo na jiwe linalocheza ni mkazi.

Mwingine aweza kusema kwamba msomaji wa Lamu au Unguja hatayaelewa maneno ya bara. Lakini maneno niliyoyataja hayakutoka mbali. Kuparaga limetoka Tanga, mgongo ni wa wote, kumeguka hutokea kila jioni penye sinia la ugali. Kilichokosekana ni uangalifu wa kuyapeleka mahali papya. Na pale ambapo Kiswahili kitakuwa hakina kabisa, waandishi wa kamusi waende Mbulu, waende Usambara, Uluguru na Uchagani, wawaulize waishio huko kabla ya kuuliza vitabu vya Ulaya. Wazungu wenyewe walifanya hivyo.

Hatima

Nimeijaribu tena sentensi yangu. Haiwezi kubaki sentensi moja, na pengine hilo ndilo somo lake. Sasa yasomeka hivi: "Tulipotoka msituni tulishika mgongo wa mlima, mwembamba, wenye mteremko huku na huku. Tulikwea, na penye majabali mawili tukaparaga, kila mmoja akilijaribu jiwe kabla ya kuliamini. Yaliyocheza tuliyaacha. Moja lilimeguka mkononi mwangu. Mara nne tulidhani tumefika, na mara nne kijana wetu alisema bado."

Niliwapelekea wenzangu maneno hayo. Yule wa Tanga alisema nimesahau kwamba nilikemewa. Mwalimu wa Mbulu aliyasoma mara mbili, akarudisha karatasi, akasema: "Sasa nimeukumbuka." Kijana wa Kibarabaig alisomewa kwa simu. Aliuliza kwa nini sikutaja kwamba kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Ana haki, sehemu hiyo bado sijaiandika. Wenye ujuzi zaidi na wanisahihishe.